Kufuata Maji ya Umeme, Mtera hadi Kidatu

Basi la Iringa lilitoka stendi ya Nane Nane, Dodoma, kabla hakujapambazuka. Konda aliponiuliza nashukia wapi, nikamwambia Mtera, akaniangalia mara ya pili. Abiria wa njia hii Mtera hununua samaki dirishani, wanaendelea na safari yao. Mimi nilitaka kuliona bwawa ambalo jina lake nimelisikia redioni tangu nikiwa shule ya msingi, kisha nifuate maji yake hadi Kidatu, yanakogeuzwa umeme kwa mara ya pili.

Waliosikiliza taarifa ya habari miaka ya 1990, na wale wa mwaka 2006, watakumbuka. Kimo cha maji ya Mtera kilisomwa hadharani kwa mita juu ya usawa wa bahari, na wengi tulizijua namba mbili. Mita 698.5, bwawa limejaa. Mita 690, mwisho wa kuruhusiwa kuzalisha. Katikati ya namba hizo kuna mita nane na nusu tu, na kwa miaka mingi riziki ya Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, ilikuwa humo.

Kutoka Dodoma kwenda kusini nchi ni kavu. Mlowa, Fufu, Chipogolo: mibuyu, mashamba ya mtama na uwele yaliyokwisha kuvunwa, mbuzi wakivuka lami bila haraka. Mvua huku ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ikikosea msimu huo hakuna wa pili wa kurekebisha. Hata hivyo nguzo za umeme zinaifuata barabara kijiji baada ya kijiji, nyingi bado mpya. Hiyo ni kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007. Mwanakijiji huunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama wa makamo mwenye mashine ya kukamua alizeti. Zamani alikuwa akiiendesha kwa dizeli, sasa anatumia umeme. Nilipomweleza ninakokwenda na kwa nini, hakunihoji habari za bwawa. Alikuwa na jambo lake.

“Bei ikipanda, mwanangu, nitapandisha na mimi ya kukamua,” alisema. “Ninachotaka ni kujua mapema. Wakulima wangu nakubaliana nao bei mwezi wa tano.”

Sentensi hiyo imenikaa kuliko nyingi nilizosoma kuhusu udhibiti wa nishati. Tuanze na ile bei ya kuunganishiwa: shilingi 27,000 hainunui hata nguzo moja. Mteja mdogo wa daraja la D1, kwa bei iliyopangwa mwaka 2016, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, zile za ziada ni shilingi 350 kila moja. Ni haki kabisa kwamba bibi wa Chipogolo awashe taa kwa bei anayoimudu, na natamani iendelee hivyo. Lakini kila taa kama hiyo inaliongezea shirika mzigo, na mzigo usioandikwa mahali unapobebwa huja kuibuka baadaye kama deni, au kama transfoma iliyozeeka ambayo fedha ya kuibadilisha haipo.

Mtera inatokea ghafla. Barabara inashuka, milima ya mawe inafunguka, na maji yanatanda hadi macho yanachoka. Bwawa likijaa, ziwa hili hufunika eneo la kilomita za mraba kama 600. Miti iliyokufa bado imesimama majini, mikavu na myeupe, na ndege weusi wamekaa juu yake. Barabara kuu inapita juu ya ukuta wenyewe wa bwawa: upande mmoja ziwa, upande wa pili korongo ambalo mto unaendelea chini yake. Walinzi wapo, kupiga picha hakuruhusiwi, na basi halisimami pale juu. Nilishuka mbele kidogo, kwenye vibanda vya samaki.

Perege wa kukaanga walikuwa wamepangwa kwenye sinia. Karibu na vibanda nikamkuta mzee akishona nyavu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umekuja kununua au kuuliza?”

Nikasema kuuliza. Akacheka, akanisogezea kigoda. Amevua hapa tangu ujana wake, na anazijua mita za TANESCO kwa namna yake. Alinionyesha ng’ambo ya ghuba, mstari wa mawe yaliyogeuka rangi juu ya usawa wa maji, ambako ziwa lilifika msimu wa mvua. Chini ya mstari huo, kwenye tope lililoanza kukauka, kulikuwa na matuta ya nyanya na mahindi machanga. Maji yakirudi nyuma, watu hulima yalipokuwa. Yakija tena, hula shamba la yule aliyechelewa kuvuna. “Wao wanahesabu maji yaliyobaki,” alisema. “Sisi tunahesabu ardhi iliyotoka.”

Bwawa la Mtera lilikamilika mwaka 1980, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutunza maji kwa ajili ya Kidatu. Mitambo yake yenyewe, miwili ya megawati 40 kila mmoja, ilikuja mwaka 1988. Kwa hiyo tone moja la hapa hufanya kazi mara mbili: megawati 80 hapa, megawati 204 Kidatu. Kabla Bwawa la Julius Nyerere, kule Rufiji, halijaanza kuzalisha, mitambo ya maji ya gridi ya Taifa ilikuwa na jumla ya megawati 561, yaani Kidatu, Kihansi, Mtera, Pangani, Hale na Nyumba ya Mungu. Ukijumlisha Mtera na Kidatu unapata nusu ya yote, ikitegemea mto mmoja.

Mto huo, Ruaha Mkuu, hauko mikononi mwa TANESCO. Unaanzia nyanda za juu za Mbeya na Njombe, unaingia bonde la Usangu, kwenye mpunga wa Mbarali na ardhi oevu ya Ihefu, halafu unapita ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi kila kiangazi, wiki hata miezi, viboko wakibanana kwenye madimbwi. Lawama zikaenda kwa mkulima wa mpunga na kwa mfugaji. Kuanzia mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao, wengine wakaishia Lindi, na mwaka 2008 eneo lile likaingizwa kwenye hifadhi.

Sina shaka kwamba mpunga hunywa maji. Lakini watafiti walioupitia uendeshaji wa Mtera na Kidatu katika miaka ile ya mwanzo wa 1990 walionyesha jambo ambalo halikutangazwa kwa sauti kama lile la ng’ombe: namna maji yalivyofunguliwa Mtera nayo ilichangia. Kati ya mabwawa haya mawili kuna mito mingine, Lukosi na Yovi, inayoingia Ruaha. Msimu wa mvua mito hiyo inaweza kuijaza Kidatu yenyewe. Ukifungua na Mtera wakati huo, maji hupita juu ya kingo za Kidatu bila kuwasha hata balbu. Familia iliyofukuzwa Usangu na ng’ombe wake ilistahili kusikia hesabu hiyo kabla ya kupakiwa kwenye lori.

Nililala Mtera, kwenye nyumba ya wageni yenye madirisha ya wavu. Ndipo nilipozitoa karatasi nilizobeba na kupanga miaka kwa mfuatano, ukame upande mmoja na mikataba upande mwingine. Nilijua kila tukio peke yake. Sikuwa nimewahi kuyaweka kwenye ukurasa mmoja.

Ukame wa 1992 hadi 1994 ulileta mgao, na mgao ukaleta mkataba wa kampuni ya IPTL wa mwaka 1995: megawati 100 za kuchoma mafuta mazito, Tegeta, kwa miaka 20, pamoja na malipo ya kila mwezi ya mitambo kuwa tayari, iwake isiwake. Mitambo ilipokamilika mwaka 1998, mvua za El Nino zilikuwa zimekwisha kuyajaza mabwawa. Pande mbili zikabishana gharama mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa hadi 2001, na umeme ukaanza kutoka Januari 2002. Mzigo wa mkataba huo ndio uliozaa akaunti ya Tegeta Escrow Benki Kuu, ya kutunzia fedha zilizobishaniwa, na sakata la mwaka 2014 lililowaondoa mawaziri na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwaka 2016 usuluhishi mwingine uliiamuru TANESCO ilipe dola milioni 148.4 kwa benki iliyonunua deni la mitambo ile.

Ukame wa 2006 ulileta kampuni ya Richmond, megawati 100 za dharura. Mitambo ilichelewa, mvua ikarudi mwisho wa mwaka huo huo, mkataba ukahamia kampuni ya Dowans. Februari 2008, baada ya ripoti ya Kamati Teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Mwaka 2010 TANESCO ilishindwa kwenye usuluhishi, ikatakiwa kuilipa Dowans zaidi ya dola milioni 60.

Mwaka 2011, mgao tena. Mitambo ya kukodi ya mafuta ikaingia, bili ikapaa, na Januari 2014 bei ya umeme ikapandishwa kwa wastani wa karibu asilimia 39.

Mara mbili kati ya hizo tatu mvua ilitangulia kufika kabla ya mitambo. Ukame unaisha, mwaka mmoja, miwili, mawingu hurudi. Mkataba uliosainiwa na watu wenye hofu, gizani, saluni na viwanda vikipiga kelele na Bunge likitaka jibu kesho, hauishi na ukame. Unabaki miaka 20 ukidai. Niliondoka Mtera nikiamini kwamba hatari kubwa kuliko zote kwa shirika hili ni kalamu inayoshikwa wakati bwawa limefika 690.

Kutoka Mtera barabara inapitia Migori na Izazi, inaupanda mlima wa Nyang’oro kwa kona zinazomfanya dereva anyamaze, halafu inafika kwenye ubaridi wa Isimani na Iringa mjini. Hewa inabadilika kabisa. Iringa ndiko ilipo ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, na watu wengi hawajui kwamba TANESCO, pamoja na ukubwa wake, ni mwombaji pale kama mwombaji mwingine. Maji ya mto ni mali ya umma. Anayeyatumia, awe skimu ya umwagiliaji au mtambo wa umeme, anahitaji kibali na analipa ada.

Mdhibiti anayejulikana zaidi ni mwingine, EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi 2006. Mtu yeyote anaweza kukutana nayo kwenye simu yake. Jioni ile Iringa mwenyeji wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinunua Luku, umeme wa kulipia kabla, ya shilingi 10,000, na nikamwomba tuisome risiti mstari kwa mstari. Shilingi 1,500 ziliondoka kwanza, kodi ya jengo ya mwezi, inayokusanywa kwa njia ya Luku tangu Agosti 2021. Zikabaki 8,500. Humo, VAT ya asilimia 18 ilichukua shilingi 1,254. REA, asilimia 3, shilingi 209. EWURA, asilimia 1, karibu shilingi 70. Umeme wenyewe ulikuwa shilingi 6,967, ambazo kwa bei ya daraja la T1, la matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti, zilimpa uniti 23.9 hivi.

“Kwa hiyo TANESCO wanapata elfu saba kwenye kumi yangu,” alisema mwenyeji wangu. “Mimi nilidhani yote yao.”

Na hiyo elfu saba wameshapangiwa. Kisheria, TANESCO haiwezi kupandisha hata shilingi moja bila kuwasilisha maombi EWURA. Yanapitiwa, mikutano ya wazi inaitishwa, Baraza la Watumiaji linasimama upande wa wananchi, na ndipo amri ya bei hutolewa. Utaratibu huo ni mzuri. Nimekaa kwenye mkutano wa namna hiyo na kuona fundi wa kuchomelea akimuuliza mkurugenzi swali ambalo mbunge hakuuliza.

Udhaifu wake ulionekana siku moja ya mwaka mpya. Mwaka 2016 TANESCO iliomba nyongeza ya asilimia 18.19. EWURA, baada ya kupitia hesabu, ikakubali asilimia 8.53, ianze tarehe 1 Januari 2017. Haikuanza. Waziri alisimamisha, na Rais John Magufuli akamwondoa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, Felchesmi Mramba, siku ile ile ambayo bei mpya ilikuwa ianze. Rais alisema nchi inayotaka viwanda haiwezi kupandisha umeme, na wananchi wengi walimshangilia. Ninaelewa kwa nini walimshangilia. Mwenyeji wangu ni mmoja wao, na bado anasema alifanya vyema.

Nilibishana naye hadi chai ikapoa. Gesi inayowasha mitambo ya Dar es Salaam huhesabiwa kwa dola. Mikopo ya njia za kusafirishia umeme ni ya fedha za kigeni. Shilingi ikishuka thamani, gharama hupanda usiku mmoja bila kuitisha mkutano wa maoni. Shirika lililoruhusiwa na mdhibiti wake, halafu likazuiwa na Ikulu, linajifunza kwamba kuwasilisha hesabu za kweli ni hatari kwa kiti cha mkurugenzi. Likijifunza hivyo litafanya nini? Litaahirisha. Nguzo iliyooza itafungwa waya, mkandarasi atasubiri malipo, kampuni ya gesi itasubiri, na hasara itakuja kulipwa na Hazina, yaani na mwenyeji wangu huyo huyo kwa mlango wa nyuma. Kama Serikali inataka umeme wa bei ya chini, na inayo haki ya kutaka, basi iiandike tofauti hiyo kwenye bajeti kila Juni, Bunge liione. Mama wa alizeti alisema anataka kujua mapema. Anastahili.

Kuteremka Kitonga sitakuelezea. Waliopita wanaijua, na malori yaliyolala pembeni yanajieleza. Ruaha Mbuyuni barabara inakutana tena na mto, vitunguu vimetundikwa mafungu mafungu kando ya lami, na joto linarudi. Mikumi nikabadili gari. Njia ya Kidatu inaacha barabara kuu na kuelekea kusini, Kidodi, kisha miwa kila upande, na mbele yake ukuta wa kijani wa milima ya Udzungwa ukiwa umefunikwa ukungu hadi nusu.

Nyuma ya milima hiyo iko Kihansi, megawati 180, ambako hatari ilitokea mahali ambapo hakuna mhasibu aliyeitafuta. Mwaka 1996 aligunduliwa chura mdogo wa manjano aliyeishi kwenye rasharasha za maporomoko ya Kihansi tu, na kwingine kokote duniani hayupo. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, rasharasha zilikatika. Mwaka 2000 vyura karibu mia tano walipelekwa Marekani kuzalishwa kwenye bustani za wanyama, porini wakatangazwa kutoweka mwaka 2009, na 2012 wakaanza kurudishwa kwenye maporomoko yao. Sasa shirika linaacha sehemu ya maji yapite kwenye maporomoko, na mabomba yananyunyiza pale maporomoko yalipokuwa yakinyunyiza yenyewe. Kila lita inayopita huko haizalishi umeme. Nimesikia watu wakilalamika, eti chura anakula megawati. Mimi nadhani kama tathmini ya mazingira ingemwona chura kabla ya ujenzi kuanza, gharama yake ingeingia kwenye mchoro wa kwanza, na chura na shirika wangepata sehemu yao bila mivutano.

Kibali cha kuingia Kidatu nilikuwa nimeshakiomba. Kituo hakionekani ukiwa barabarani. Kimechimbwa ndani ya mwamba. Unapewa kofia ngumu na viatu, gari linaingia kwenye handaki lenye taa za manjano, na ule ubichi wa Udzungwa unabaki nyuma. Maji nayo huja kwa handaki lake, karibu kilomita 10 kutoka kwenye bwawa dogo la Kidatu, na huanguka kama mita 175 hadi kwenye mitambo. Mashine ni nne, megawati 51 kila moja. Mbili ziliwashwa mwaka 1975, mbili mwaka 1980. Sakafu inatetemeka taratibu, unaihisi kwenye nyayo kabla ya kuisikia masikioni.

Dada mhandisi aliyekuwa zamu alinisimamisha mbele ya kipimo kimoja tu, cha masafa ya umeme. Sindano ilikuwa inacheza karibu na hezi 50. “Hii ndiyo ninayoilinda,” alisema. Kiwanda kikubwa kikiwasha mashine Dar es Salaam, sindano inashuka, kikizima, inapanda. Hapa Kidatu milango ya maji hufunguka au hujifunga yenyewe kidogo ndani ya sekunde chache, kabla kituo cha kuongoza gridi, Ubungo, hakijapiga simu. Kwa miaka 50 hivi mashine hizi zimekuwa zikishikilia mapigo ya nchi nzima, na watu wanaowasha pasi asubuhi hawajawahi kusikia jina la kituo hiki.

Nilimuuliza ana wasiwasi gani sasa, maana Bwawa la Julius Nyerere limekwisha kuwaka: mitambo tisa, megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Mmoja tu unaizidi Kidatu nzima. Akanichukulia ramani ya bonde iliyokuwa ukutani, akaweka kidole Mtera, akakishusha hadi Kidatu, akakivusha tambarare ya Kilombero hadi pale Ruaha unapoungana na Rufiji, juu kidogo ya ukuta wa bwawa jipya.

“Ni maji haya haya,” alisema. “Yakitoka kwangu yanakwenda kule. Kilombero inaleta mengi zaidi, zaidi ya nusu, lakini mvua ni ya bonde moja. Mwaka 2015 tulizimisha.”

Alimaanisha Oktoba 2015. Uzalishaji wa maji ulishuka hadi kama moja ya tano ya uwezo wake, na kilichoiokoa nchi ni gesi ya Mtwara, ambayo bomba lake lilikuwa ndiyo kwanza limefika Dar es Salaam. Tangu hapo tumejenga kituo kimoja kinachozidi mahitaji ya miaka ile kwa mbali, kwa shilingi trilioni 6.55, juu ya mto ule ule. Nalifurahia bwawa hilo; mgao wa mwanzoni mwa 2024 ulikoma mitambo yake ilipoanza kuingia mmoja mmoja. Ila Aprili mwaka huo huo mafuriko yaliwakumba watu wa Rufiji na Kibiti, na mjadala wa nani alifungua maji, lini, na nani alionywa, ulionyesha kwamba shirika sasa lina majirani wengi zaidi chini ya mto kuliko lilivyozoea. Wanahitaji kupewa ratiba ya maji kama mama wa alizeti anavyohitaji ratiba ya bei.

Machi 2025 Serikali ilitangaza mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa hoja kwamba kuusafirisha kutoka Rufiji hadi Kilimanjaro na Arusha kunapoteza mwingi njiani. Wengi walikasirika: tuna 2,115, tunanunua wa nini? Dada mhandisi hakukasirika. Umeme hupotea kwenye waya mrefu, alisema, na Ethiopia ina mvua za msimu mwingine. Hoja hiyo ina uzito, na safari hii tulianza kujadili mkataba mkubwa huku mabwawa yana maji na hakuna anayetusukuma. Muda wa kusoma kila kifungu ulikuwepo.

Kwenye gari la kurudi Mikumi niliandika maswali nitakayoyapeleka mkutano wa maoni wa EWURA utakapoitishwa tena. Je, umeme huo tutaulipa hata mwezi ambao hatujauchukua? Utalipwa kwa dola au kwa shilingi, na shilingi ikishuka nani anabeba? Na mkataba wenyewe utawekwa wapi ili mwenye duka Iringa na mwenye mashine ya alizeti wausome kabla haujasainiwa?